Mkono Hufuata Kilicho Karibu: Mpangilio wa Jiko na Mlo wa Familia

Ndugu wazazi na walezi,

Naomba leo tuache kwanza habari ya mapishi, tuangalie mahali ambapo kila kitu kinakaa jikoni, kwa sababu mpishi aliyerudi jioni akiwa amechoka hupika kwa kile kilicho karibu na mkono wake.

Naanza na mafuta, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi. Nyumba nyingi huweka dumu la lita 5 sakafuni kando ya jiko, na mpishi hulinyanyua kwa mikono miwili na kumimina moja kwa moja kwenye sufuria ya vitunguu. Dumu zito halina kipimo; likiinama kidogo tu, vijiko vitano vimekwisha kuingia, na kila kijiko cha chakula kina takriban kalori 120. Nyumbani kwangu dumu limehamia kabati la chini, na jikoni imebaki chupa ya robo lita yenye kijiko kilichofungwa kwa uzi shingoni. Tangu hapo tunapima, na mchuzi haujapoteza ladha.

Chumvi iishie jikoni, isifike mezani, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na sehemu kubwa ya hiyo huwa imo tayari kwenye mboga.

Dona inataka uangalifu wa pekee. Kiini cha hindi, ambacho huondolewa katika kukoboa sembe, kina mafuta yanayoufanya unga uwe mchungu ukikaa muda mrefu penye joto, na naamini wengi walioikataa dona walionja iliyokwisha kuharibika. Tununue kidogo kidogo, tuihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na moto.

Maharage nayo tunayakwepa kwa kuogopa gharama ya mkaa na gesi. Kopo lake likae usawa wa macho, na bakuli la kulowekea lifuatane nalo, ili anayeosha vyombo usiku aloweke vikombe viwili kabla ya kuzima taa. Asubuhi atakuta yamevimba, maganda yamelainika, na yataiva kwa muda mfupi zaidi. Ndizi na machungwa yawe kwenye ungo, juu ya meza ile ambayo mtoto huweka mkoba wake anapotoka shule, na biskuti zipande rafu ya juu.