Jaribio la Figa: Lupin, La Casa de Papel na Hesabu ya Nyuso

Mwenyekiti amenitambulisha vizuri, kisha akaninong'oneza kwamba leo nisirudie yale yale. Nitayarudia. Siku watu watakapoacha kupima mchanganyiko wa waigizaji kwa kuhesabu nyuso zilizo kwenye bango, nami nitatafuta hoja nyingine ya kuwachosha.

Nimeombwa nilinganishe tamthilia mbili za kusisimua ambazo Netflix imezifikisha kila pembe ya dunia: Lupin ya Ufaransa na La Casa de Papel ya Hispania, ambayo wengi wenu mnaiita Money Heist. Sitasimulia visa. Na aliyekuwa anajiwekea akiba ya kuzitazama ajue kwamba nitamharibia utamu, wala sitamwomba radhi. Muda wa kuzitazama alikuwa nao.

Swali lenyewe ni ipi kati ya hizi ina watu wa asili nyingi zaidi. Kila ninapouliza, jibu linakuja haraka: La Casa de Papel, bila shaka! Si yumo Tokyo? Si yumo Nairobi? Rio, Denver, Moscow, Berlin, Helsinki, Oslo? Hayo ni majina ya bandia ya miji, ambayo kiongozi wa genge la wezi, Profesa, aliwapa watu wake. Haya, tuwaite mmoja mmoja wasimame. Tokyo ni Mhispania. Rio, Mhispania. Denver na baba yake Moscow, Wahispania. Berlin, Mhispania. Oslo ni Mserbia katika hadithi, lakini aliyemwigiza, Roberto García Ruiz, ni Mhispania. Helsinki ndiye Mserbia wa kweli, Darko Perić. Baadaye akaongezwa Bogotá, na huyo Bogotá, Hovik Keuchkerian, kazaliwa Beirut. Akaongezwa Marseille, naye ni Mkroatia. Yaani Profesa aligawa ramani ya dunia nzima, halafu majina mengi akawapa majirani zake. Nairobi yumo, ila katika genge lile hutamkuta Mwafrika hata mmoja.

Sisemi hivyo kwa kumdharau Alba Flores aliyemwigiza Nairobi. Nitamrudia, maana huyo ndiye mtu wa kurudiwa. Nasema tu kwamba jina la mji si mtu wa mji huo, na bango lililojaa majina ya miji linaweza kumdanganya mtu mzima mwenye akili zake.

Mimi nina kipimo changu, na wanafunzi wangu wamekichoka. Nakiita jaribio la figa. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukitoa figa moja, chungu kinamwagika. Ukifuta urembo uliochorwa ubavuni, chungu kinaendelea kuchemka kama hakuna kilichotokea. Basi mchukue mhusika, mbadilishie asili yake, jinsia yake au lugha yake, halafu uitazame hadithi. Je, imemwagika? Kama imemwagika, mtu yule alikuwa figa. Kama haikumwagika, alikuwa urembo, hata kama amepewa muda mrefu mbele ya kamera.

Sasa twendeni Paris. Lupin ilianza kuonyeshwa Januari 2021. Omar Sy, Mfaransa aliyezaliwa Trappes, baba yake akitoka Senegal na mama yake Mauritania, ndiye Assane Diop, mhusika mkuu, mwizi anayeiga mbinu za Lupin wa vitabuni. Yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba alipoulizwa angependa kumwigiza nani, alimchagua Lupin, na kwamba kama angekuwa Mwingereza angemtaja James Bond. Arsène Lupin ni mwizi mstaarabu aliyebuniwa na Maurice Leblanc mwaka 1905, mwenye kofia ndefu na miwani ya jicho moja, Mfaransa wa kizungu kuliko Wafaransa wote. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kilichofanyika ni kumvalisha Mweusi kofia ya Mzungu, basi, mchanganyiko umepatikana, tupige makofi twende nyumbani.

Angalieni kilichofanyika hasa. Kipindi cha kwanza, Assane ni mfagizi katika jumba la makumbusho la Louvre. Usiku anasukuma kitoroli cha usafi mbele ya picha zenye thamani kuliko mtaa mzima. Hakuna anayemtazama. Anawaeleza wahuni aliowaingiza kwenye mpango wake jambo moja rahisi: wale walio juu hawawatazami walio chini, na hapo ndipo pa kupitia. Siku ya mnada wa mkufu wa Marie Antoinette anaingia kwa mlango wa mbele, suti imemkaa, anajiita Paul Sernine, tajiri. Ni mtu yule yule, na hakuna hata mmoja anayesema, "Huyu si alikuwa anafagia jana?" Kisha anautupa mkufu kwenye pipa la taka, anavaa tena sare, anarudi kuuchukua kama mfagizi. Nani anamsimamisha mfagizi anayekwenda kwenye pipa la taka?

Bado. Akitaka kuingia gerezani, anabadilishana nafasi na mfungwa Mweusi wakati wa kutembelewa. Askari wanaona Mweusi ameingia, Mweusi ametoka, hesabu imetimia. Akitaka almasi za bibi mmoja tajiri, anamwendea akijifanya polisi, na bibi yule mwenyewe anasimulia bila haya jinsi mali ile ilivyochukuliwa Kongo enzi za Wabelgiji. Hata maafa ya familia ya Assane yanaanzia hapo hapo. Baba yake, Babakar, mhamiaji kutoka Senegal, anaona gari la Bi Pellegrini, mama wa familia tajiri aliyoifanyia kazi ya udereva, limezimika kwenye mvua. Anasogea kusaidia. Yule mama akiwa ndani ya gari anabana milango. Sekunde chache tu, wala hakuna hotuba kuhusu ubaguzi, na sisi tuliokaa kwenye kochi tumeshajua ni nani atakayesingiziwa wizi mkufu ule wa Marie Antoinette utakapopotea nyumbani kwao.

Sasa fanyeni jaribio. Mweke pale steringi wa kizungu, mzuri tu, mwenye kipaji. Louvre inakufa kwa nusu, gereza linakufa kabisa, almasi za Kongo hazina maana, mlango wa gari haubanwi. Chungu chote chini! Na haya yanatokea Ufaransa, nchi ambayo serikali haiwahesabu raia wake kwa rangi: sheria ya mwaka 1978 iliweka mipaka mikali, na Baraza la Katiba likaikazia mwaka 2007. Kwa hati rasmi, rangi haionekani. Tamthilia nzima inaendeshwa na watu ambao rangi hiyo haiwatoki machoni.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanalipita. Katika kituo kizima cha polisi, anayegundua kwamba mwizi anafuata vitabu vya Leblanc ni mmoja tu, Youssef Guedira, mwenye jina la Kaskazini mwa Afrika, na wenzake wanamcheka. Kwa hiyo shujaa wa taifa la Ufaransa, fahari ya maktaba zao, amehifadhiwa kichwani na watu wawili: mtoto wa dereva Msenegali na polisi anayeitwa Youssef. Akina Pellegrini wana nyumba imejaa vitabu. Hawakumtambua Lupin hata alipokaa nao meza moja.

Najua kuna anayejiandaa kuniuliza: "Basi, Mwalimu, ulitaka Wahispania nao wamlete Mwafrika kwa nguvu, ili wewe ufurahi?" Sikutaka. Ila tusidanganyane kwamba Madrid ni mji wa Wahispania watupu. Wamoroko wapo kwa wingi, Waromania wapo, Wakolombia, Wavenezuela na Waekwado wapo. Mateka wengi wanatekwa katika Kiwanda cha Taifa cha Kuchapa Fedha, katikati ya mji huo, na wahamiaji hao unawatafuta kwa tochi. Mmarekani Kusini mwenye uzito kwenye genge anakuja sehemu ya tatu, mwaka 2019: Palermo, anayeigizwa na Muajentina Rodrigo de la Serna. Sababu iko wazi. Sehemu mbili za kwanza zilitengenezwa mwaka 2017 kwa ajili ya televisheni ya Antena 3, kwa familia za Kihispania zilizoketi sebuleni. Netflix ilizinunua, ikavikata vipindi vifupi zaidi, dunia ikachanganyikiwa, ndipo fedha za dunia zikaleta sura za dunia. Mchanganyiko ulifuata soko, dhamiri haikuhusika.

Lakini hapa ndipo watu wenye kalamu ya kuhesabu wananitia hasira, kwa sababu wanaihukumu La Casa de Papel bila kuitazama. Hadithi ile imejengwa juu ya kufanana! Wezi wamevaa ovaroli nyekundu na barakoa ya uso wa mchoraji Salvador Dalí. Mateka nao wanavalishwa ovaroli zile zile, barakoa zile zile, wanashikishwa bunduki bandia, ili mlenga shabaha aliye nje asijue ampige nani. Profesa anashinda kwa kuwafanya watu wote waonekane mmoja kwa nguo. Assane anashinda kwa sababu wengine walishaamua kwamba watu wa rangi yake wote ni mmoja. Ukiona hilo, swali la nani ana nyuso nyingi linakuwa dogo sana.

Na sasa Nairobi, kama nilivyoahidi. Alba Flores ni mjukuu wa mwimbaji Lola Flores, na babu yake, aliyejulikana kama El Pescaílla, alikuwa mwanamuziki Mgitano, yaani wa jamii ya Waromani (Gypsy) wa Hispania. Wagitano wamo Hispania tangu karne ya 15 na kwenye filamu nafasi yao ya kawaida ni mchezaji flamenko au mwizi wa mfukoni. Nairobi ni mwizi, sawa, lakini ni msimamizi wa uzalishaji: anasimamia mitambo, anakagua noti, anawafanya mateka wafanye kazi kwa bidii kuliko waajiriwa. Berlin anapovuka mipaka, ni yeye anayemwondoa madarakani na kutangaza kwamba sasa wanawake wanatawala. Mtoeni Nairobi: noti hazichapwi vizuri, Berlin anabaki mtemi, Helsinki hana rafiki. Figa hilo. Na sehemu ya nne, mwaka 2020, anauawa na Gandía, mkuu wa usalama wa Benki ya Hispania walikokwenda kuiba mara ya pili, mtu ambaye chuki zake tumeshazisikia kinywani mwake. Mpaka leo kuna watu hawajaisamehe tamthilia ile, mimi nikiwa mmoja wao.

Kwa upande wa wanawake, basi, Hispania inaipiga Ufaransa bila huruma. Msimulizi ni mwanamke. Inspekta anayeongoza mazungumzo ni mwanamke, na mwenzake anayefuata, Alicia Sierra, anatesa watu huku ana mimba kubwa, kitu ambacho kwenye kisa cha namna hii sijakizoea kabisa. Na kule Paris? Claire, mama wa mtoto wa Assane, anasubiri. Juliette, binti wa Pellegrini, anatongozwa. Fabienne, mwandishi wa habari, anapata nafasi nzuri, kisha anauawa. Mama yake Assane tunakutana naye sehemu ya tatu, mwaka 2023! Sehemu mbili mtoto analia kwa ajili ya baba, na hakuna anayeuliza aliyemzaa yuko wapi.

Tena Assane mwenyewe, katika sehemu zile mbili za mwanzo, ni Mweusi aliyezungukwa. Mkewe wa zamani Mzungu, rafiki yake wa chanda na pete Mzungu, maadui Wazungu. Baba amekufa, mtoto bado mdogo. Paris yenye Wasenegali wote wale, yeye hana hata binamu wa kumpigia simu. Aliyeandika aliona upweke unamfaa mwizi. Mimi naona ni woga wa kuweka Weusi watatu kwenye chumba kimoja wakazungumza mambo yao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia toleo la Korea la Money Heist, la Juni 2022, ambako wezi wote ni Wakorea na hata hivyo mchanganyiko umo hadi kwenye mifupa: wengine wanatoka Kaskazini na wengine Kusini, Tokyo alikuwa mwanajeshi wa Kaskazini, Berlin alikulia kwenye kambi ya wafungwa huko, na mateka wanatenganishwa kwa misingi hiyo hiyo. Anayehesabu rangi angeandika sifuri. Hilo lilistahili nusu ya muda wangu, nami nimeumaliza kwenye mlango wa gari la Bi Pellegrini.

La Manila nilipite mbio: ni mhusika aliyebadili jinsia, akapewa Belén Cuesta, ambaye hajapitia hayo, na malalamiko yalikuwa ya haki. La Oslo: karibu hazungumzi, anapigwa chuma kichwani, anakufa, basi. Mserbia mwenye misuli wa kawaida. Binamu yake Helsinki aliponea chupuchupu kwa kuwa walimpa moyo na mapenzi. La waandishi na waongozaji walioko nyuma ya kamera sijaligusa kabisa, nalo ni kubwa kuliko yote haya. Leteni maswali, na tafadhali asiniulize mtu wamo wangapi.