Vidonge vyangu baada ya upasuaji wa tumbo: sivifichi tena

Assalam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu hamjambo. Karibuni tena jikoni kwangu hapa Coventry. Ni saa kumi jioni, Novemba, na nje kiza kimeshaingia. Leo sipiki. Leo nimekuja na hiki.

Mnakiona? Ngoja nikisogeze. Ni kisanduku cha vidonge. Kina siku saba, na kila siku ina vyumba vinne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nimevimimina vya leo kwenye sahani ili mvione vizuri. Hiki kidogo cheupe ni madini ya chuma. Hiki kirefu, kikubwa kama kokwa ya tende, ni multivitamini. Na hivi vya mviringo, vya kutafuna, vyenye harufu ya ndimu, ni kalsiamu pamoja na vitamini D. Nilianza kuvinywa nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mwaka 2022 na nitavinywa mpaka siku nakwenda kaburini, inshallah iwe mbali.

Wengi mnaniandikia mnataka kujua kilo. Nimepungua ngapi, kwa muda gani, nilikula nini. Hayo nimeshayasema. Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni hili la vidonge, na mimi hili ndilo lililotaka kuniangusha.

Kwanza tuelewane. Nyumbani wanasema "fulani kakatwa utumbo", na wengine wanachanganya na puto, lile wanaloweka pale hospitali ya Mloganzila. Puto linaingizwa tumboni kwa muda, halafu linatolewa. Mimi sikuwekewa puto. Mimi nilifanyiwa baipasi. Maana yake, sehemu ya juu ya tumbo ilitengwa, kikabaki kifuko kidogo kama yai la kuku. Kifuko hicho kikaunganishwa na utumbo mwembamba kule mbele, kwa hiyo chakula kinairuka sehemu ya mwanzo ya utumbo. Sasa sehemu ile ya mwanzo ndiyo mwili unakofyonzea chuma na kalsiamu kwa wingi. Na tumbo lenyewe ndilo linalotoa kitu kinachoibeba vitamini B12 mpaka ifyonzwe. Kwa hiyo ninaweza kula vizuri kabisa, nikala samaki, nikala maharage, na bado mwili ukakosa. Aliyepunguzwa tumbo likabaki jembamba kama ndizi, ile wanayoiita sliivu, naye yumo, ingawa utumbo wake haukuguswa.

Nasema haya kwa sababu shangazi yangu, na ninampenda sana, aliniambia: "Mwanangu, achana na makemikali, kunywa rosela, kula matembele, damu itapanda." Matembele nakula. Rosela nakunywa. Lakini shamba zima la matembele likipita kwenye utumbo usioweza kuvuna, utabaki na njaa ya chuma vilevile. Mlonge pia hautoshi. Si kwamba ni mbaya, hautoshi.

Sasa niwasimulie kilichotokea. Desemba 2023 nilikwenda Tanga, mdogo wangu anaolewa. Mwaka na miezi tisa tangu upasuaji, nimepungua sana, uso umekwisha, kanga niliyokuwa nikijifunga mzunguko mmoja sasa nazungusha mara mbili. Siku ya pili asubuhi nikakiweka kisanduku hiki mezani, nikanywa chuma changu. Mchana napita ukumbini nasikia sauti jikoni: "Hizo ni zile dawa. Hukuona alivyokwisha?" Mnajua "zile dawa" ni zipi.

Nilisimama pale nikiwa nimeshika beseni la mchele. Sikuingia. Nilirudi chumbani, nikakisukuma kisanduku chini ya nguo ndani ya begi, nikafunga zipu. Kuanzia siku hiyo nikawa nakunywa kwa kuiba, usiku nikikumbuka, na siku nyingi sikukumbuka. Halafu nikaacha. Na sikuumwa! Hapo ndipo shetani anapokukamatia. Wiki sita Tanga sikuumwa hata kichwa. Nikarudi huku nikajiambia, kumbe mwili umeshazoea, nitaendelea kesho. Kesho ikawa Aprili.

Dalili ya kwanza haikuwa kizunguzungu. Ilikuwa barafu. Nilianza kutafuna barafu. Nafungua friza usiku wa manane, natoa trei, natafuna vipande kumi, kumi na tano, meno yanauma na siachi. Kazini nilikuwa najaza kikombe cha barafu kabla ya kuvua koti. Mnaowajua wajawazito wanaonunua udongo sokoni, ni uchu wa namna ileile: mara nyingi ni mwili unaolia chuma. Baadaye zikaja ngazi. Nyumba yangu ina ngazi kumi na tatu, nikawa napumzika katikati. Nywele nikadhani ni zile zinazonyonyoka kwa wengi miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, lakini zangu zilikuwa zimeshaota upya, na sasa zinabaki kwenye kitana kwa mara ya pili.

Nilipopima damu, feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 6. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, 9.1. Zote mbili chini. Daktari wangu wa familia, mama mmoja mtaratibu, aliniuliza swali moja tu: "Vidonge unakunywa?" Nikalia. Nilipelekwa kuwekewa chuma kwa dripu, maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yanashuka tone kwa tone kwenye mkono wangu, na mimi nawaza lile begi kule Tanga.

Kwa hiyo niseme kwanza na yule aliyekuwa jikoni, kama unanitazama. Sikukasirikii. Lakini hata zingekuwa ni zile dawa, je? Mtu anayekunywa dawa zake kila siku, ziwe za virusi, za kifafa, za sukari, huyo anautunza uhai aliopewa. Tukimsema, anaficha. Akificha, anaacha. Mimi niliacha kwa ajili ya maneno yasiyozidi kumi.

Haya, sasa jinsi ninavyokunywa, maana hapa ndipo watu wanapokosea hata kama wana nia nzuri. Huwezi kukusanya vyote kiganjani ukameza mara moja. Chuma na kalsiamu hawakai nyumba moja, vinagombania mlango. Mimi chuma nakunywa saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu, na maji ya nusu chungwa, kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kuingia. Chai nakunywa saa mbili na nusu. Najua, sisi watu wa chai ya maziwa hili ni gumu, hata mimi lilinitesa. Lakini majani ya chai yanakizuia chuma, na maziwa ni kalsiamu, kwa hiyo kukimeza kwa chai ya maziwa ni sawa na kukifungia mlango mara mbili. Acha yapite angalau masaa mawili. Multivitamini nakunywa saa nne, kalsiamu saa saba baada ya chakula, nyingine saa kumi na mbili jioni, ya mwisho saa tatu usiku. Naigawa hivyo kwa sababu mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja. Kisha kuna kalsiamu za aina mbili kubwa: kaboneti inataka chakula na asidi ya tumbo, sitreti haisumbuki. Aliyefanyiwa baipasi ana asidi kidogo, kwa hiyo muulize daktari wako ipi inakufaa, na usome lebo.

B12 mimi nachomwa sindano kila miezi mitatu. Nesi anavuta dawa, na dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi ya rosela, mara ya kwanza nilidhani ni damu ya mtu.

Na zile multivitamini laini za watoto, tamu kama peremende, nyingi hazina chuma, wala shaba au zinki ya kutosha. Usidanganyike na picha ya matunda kwenye kopo. Lingine ambalo nimelisikia tangu utotoni: vitamini zinanenepesha. Hapana. Vitamini haina mafuta wala wanga wa kukunenepesha. Dada mmoja wa Arusha aliyefanyiwa nje ya nchi aliniambia aliacha kwa kuogopa kilo kurudi. Nilimwomba kwa jina la Mungu akapime damu wiki hiyohiyo.

Wiki za mwanzo kila kitu ni cha maji au cha kutafuna. Mimi wiki ya tatu nilijifanya nimepona, nikameza multivitamini nzima. Kikakwama. Nilihisi kama ngumi hapa, chini ya titi, mate yanajaa mdomoni meupe kama povu la sabuni, nimeinama kwenye sinki dakika arobaini. Kwa hiyo taratibu. Ila msisage kila kidonge kinachowashinda! Kuna dawa zimetengenezwa ziyeyuke polepole kwa masaa mengi. Ukiisaga, dozi ya siku nzima inakuingia kwa mkupuo. Na ukiimeza nzima, huenda huu utumbo uliofupishwa usiwahi kuichukua yote. Mimi metfomini yangu, dawa ya sukari, ilikuwa ya namna hiyo, nikabadilishiwa ya kawaida. Ya presha nayo ilipunguzwa: kilo zilishuka, presha ikashuka, dozi ikabaki ileile, nikadondoka kituo cha basi. Lakini alipunguza daktari. Usijipunguzie mwenyewe.

Maumivu. Ukifanyiwa baipasi, diklofenaki, brufeni na aspirini zikae mbali nawe. Pale tumbo lilipoungwa na utumbo panaweza kutoka vidonda, na vidonda hivyo vinaweza kuvuja damu. Nyumbani kila duka la dawa, ukisema mgongo unauma, mkono unakwenda kwenye diklofenaki. Sema mapema: "Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, nipe paracetamol." Na kama daktari amekupa aspirini kwa ajili ya moyo, rudi kwake mzungumze, usiiache kimyakimya.

Dada zangu, hili nalisema polepole. Vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi si vya kutegemea, kwa sababu ileile ya kufyonzwa. Na kilo zikishuka, mayai yanaamka, hata kwa waliohangaika miaka kutafuta mtoto. Madaktari wanashauri usishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ongea nao kuhusu kijiti au kitanzi.

Na kuna moja nataka mlisikie hata kama mmefika hapa mkiwa mnasinzia. Ukitapika siku baada ya siku baada ya upasuaji huu, usikae nyumbani ukisubiri litulie. Vitamini B1 akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, inashika ubongo: macho yanacheza, unayumba ukitembea, unachanganyikiwa. Ukifika hospitali, wewe au aliyekupeleka aseme: amefanyiwa upasuaji wa tumbo, anatapika, tunaomba B1 kabla ya dripu ya sukari. Kwa sababu sukari ikiingia B1 ikiwa haipo, hali inaweza kuharibika zaidi. Andika hayo kwenye karatasi, weka kwenye pochi. Yangu hii hapa, kwa Kiswahili upande huu, na Kiingereza upande huu.

Mwezi ujao nakwenda Tanga tena. Dawa zinakaa begi la mkononi, kwenye makopo yake na barua ya daktari, si kwenye begi kubwa linaloweza kupotelea njiani. Na nikifika sitaziweka juu ya friji wala dirishani, joto la Tanga mnalijua. Nimeshamwambia mama kisanduku kitakaa mezani, pembeni ya thermosi ya chai. Akanyamaza kidogo kwenye simu, halafu akaniuliza ile ya chuma ni saa ngapi, ili chungwa liwe limeshakamuliwa.

Alhamisi nachukuliwa damu, kipimo changu cha kila mwaka: wingi wa damu, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, na vingine. Majibu yakitoka nitakuja kuyasoma hapahapa mbele yenu, yawe mazuri yawe mabaya.