Usiamini Sentensi: Namna ya Kutegua Chemshabongo za Mafumbo

Asanteni. Kabla sijasema lolote kuhusu mbinu, naandika hili ubaoni:

Samaki aliyekatwakatwa kwa kifaa cha fundi cherehani (6)

Hiyo sita kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Jaribuni.

Nasikia "kisu". Hizo ni herufi nne. "Sindano" ni saba. Mnaona kilichotokea? Ukumbi mzima umeingia jikoni. Mmemwona samaki, mmeona damu, na mnajiuliza fundi cherehani kafuata nini humo. Huko ndiko mtungaji alikotaka mwende, wakati yeye yuko kwingine kabisa.

Sasa msahauni huyo samaki. Tazameni S, A, M, A, K, I, basi. "Aliyekatwakatwa" ni agizo: zikateni herufi hizi, mzipange upya. Na maana ya jibu imekaa wazi mwishoni, kifaa cha fundi cherehani. MAKASI. Herufi ni zile zile sita, hakuna iliyobaki wala iliyoongezwa. (Ndiyo, nawasikia mnaosema "mkasi". Kamusi inayakubali yote mawili, na mtungaji huchukua linalomfaa.)

Chemshabongo ya kawaida inakupa maana tu: "mnyama mkubwa mwenye mkonga". Unajua au hujui. Hii ya mafumbo inakupa njia mbili zinazofika kwenye neno moja. Njia ya kwanza ni maana, kama ungeikuta kwenye kamusi. Ya pili ni ufundi wa herufi. Mtungaji amezishona pamoja hadi zionekane sentensi moja ya kawaida, na kazi yako ni kutafuta mshono. Kinachokuokoa ni kwamba maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa dokezo, yaani ile sentensi unayopewa, haikai katikati. Kwa hiyo dokezo la maneno saba halikupi mahali saba pa kutafuta. Soma la kwanza, soma la mwisho, halafu uliza: katika ncha hizi mbili, ipi ni maana?

Nipite haraka kwenye historia. Chemshabongo ya kwanza ya aina tunayoijua ilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ikatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ikiwa na umbo la almasi. Haikuwa na hila yoyote. Hila ziliongezwa Uingereza miaka ya 1920, hasa na Edward Powys Mathers, aliyetungia gazeti la The Observer kuanzia 1926 kwa jina la Torquemada, mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania iliyosifika kwa mateso. Jina lenyewe linakuambia aliwachukuliaje wasomaji wake. Alipofariki 1939, nafasi yake ilishikwa na D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, na huyu ndiye anayestahili shukrani za kila mwanafunzi. Torquemada alitesa apendavyo. Ximenes alidai haki: maana sahihi, ufundi wa herufi usio na udanganyifu, na pasiwepo neno la ziada. Mwenzao Afrit, yaani A. F. Ritchie, aliliweka vizuri kwamba mtungaji halazimiki kumaanisha anachokisema, ila lazima akiseme anachokimaanisha. Bila sharti hilo nisingekuwa na cha kuwafundisha leo, maana mchezo usio na kanuni haufundishiki.

Turudi ubaoni. Hili la pili ni fupi:

Mama Lidia kaficha utajiri (4)

Ncha ya mwisho, "utajiri", inaonekana kama maana. "Kaficha" ni agizo: jibu limo ndani ya maneno yaliyotangulia, limepita juu ya nafasi iliyo kati yao. MaMA LIdia. MALI. Wanaoanza hulipita dokezo la namna hii kwa sababu jicho limezoea kusoma maneno, halisomi mfululizo wa herufi. Jizoezeni kuifuta ile nafasi. Futeni na alama za uandishi pia. Mkato, nukta, hata herufi kubwa, mara nyingi vimewekwa ili kukupoteza.

Ushirika ukipinduka ni fedheha (4). Hapa unahitaji hatua moja ya ziada, kwa sababu hupindui neno lililoandikwa, unapindua kisawe chake. Ushirika wa biashara ni ubia. Usome kinyumenyume: AIBU. Na aliyewahi kuvunjikiwa na ubia atakuambia sentensi yenyewe pia ni kweli.

Mabara mawili yanaunganishwa kwa njia (8). Nani? Vizuri sana, dada pale nyuma! Bara na bara, BARABARA.

Sasa hili nalipenda kuliko yote ya leo:

Bi yumo ndani ya tabu. Mwiteni daktari (6)

Neno la kufanyia kazi ni "ndani". Lichukue BI, liingize katikati ya TABU: TA-BI-BU. Tabibu ni daktari. Ila mimi na Ximenes tungegombana hapa. "Mwiteni" linafanya kazi gani? Halimo kwenye maana, halimo kwenye herufi. Limewekwa ili sentensi ipendeze. Wafuasi wake wakali wangelifuta. Watungaji huria, wanaofuata mkondo wa John Graham, yule padri wa Kianglikana aliyetungia The Guardian kwa miongo mingi kwa jina la Araucaria, wangecheka na kuliacha. Mimi niko na hao wa pili, mradi neno lenyewe lisinielekeze kwenye herufi zisizo zangu. Lakini kwa mwanafunzi nashauri aanze na watungaji wakali, kwa kuwa kwao kila neno lina kazi na unaweza kulidai hesabu.

Mmegundua nimekuwa nikirudia "agizo". Hayo maneno ya kuagiza ndiyo msamiati wa mchezo. Kulewa, kuvurugika, kuchafuka, "vibaya", "upya": panga herufi upya. Kumeza, kukumbatia, kuzingira: weka hili ndani ya lile. Kurudi, kupinduka: soma kinyume. Msikariri orodha, haina mwisho. Kila neno lenye harufu ya fujo, litilieni shaka. Rafiki aliyechanganyikiwa ni maskini (6). Mmeshaanza kuandika, naona. FAKIRI, ndiyo.

Halafu kuna dokezo lisilo na agizo lolote, na hilo ndilo huwatoa jasho hata wazoefu. Mnyama juu ya nyumba (3). Hakuna cha kuvuruga, hakuna kilichofichwa. Ni maana mbili zimesimama bega kwa bega: "mnyama", na "juu ya nyumba". PAA. Dokezo likiwa fupi mno na halina fujo, fikirieni hivyo kwanza.

Namna ya kujifunza? Usijilazimishe kumaliza. Chukua chemshabongo ya jana pamoja na majibu yake, funika madokezo unayoyaelewa, na kila ambalo hukuliweza ulieleze herufi kwa herufi: hii imetoka wapi, hii imetoka wapi. Ukishindwa kueleza hata herufi moja, hujaelewa, hata kama jibu unalo. Kazi hii inachosha, lakini inafundisha kuliko kukodolea macho vijisanduku vitupu.

Na vijisanduku navyo vinasema. Kwa Kiswahili, herufi ya mwisho haikusaidii sana, karibu kila neno linaishia kwa irabu. Faida yetu iko mwanzoni. Maana ikiwa ni ya wingi wa watu, andika WA kwa penseli. Ikiwa ni wingi wa vitu kama viti, weka VI. Ikiwa ni kitendo cha kutenda, weka KU na usubiri neno linalokatiza, yaani lile linalopita kwenye kijisanduku hicho hicho kwa upande mwingine, likuthibitishie.

Swali la mwisho, kaka? Anauliza kama kufungua kamusi ni wizi. Hapana. Kamusi inakupa maneno yanayoweza kuwa jibu, haikuambii kwa nini ni jibu. Wizi pekee ninaoujua ni kuandika neno kwa sababu linaenea tu, halafu kukataa kulifuta linalokatiza linapogoma.