Tarehe 9 Desemba: mwenge, nauli ya New York na hukumu ya Arusha

AIKANDE: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tuko Arusha, na leo Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi. Mimi nimeingia na Coaster kutoka Moshi, na njia nzima naona watu wanafunga bendera kwenye nguzo. Usa River bendera, Tengeru bendera. Kaka Kaaya, habari za nyumbani?

KAAYA: Nzuri, dada Aikande. Pole na safari.

AIKANDE: Nimeshapoa. Sasa, ile desturi yetu ya kuchukua siku moja ya kalenda na kuangalia nani alizaliwa, nani alifariki na nini kilitokea. Safari hii hatukuhangaika kuchagua. Tarehe 9 Desemba.

KAAYA: Siku ya Uhuru. Tunaijua kwa gwaride na mapumziko. Lakini nilipoanza kuichimba nikakuta ina mambo mengine mazito, na mawili yanarudi hapa hapa Arusha. Nimekosa usingizi juzi kwa ajili yake, nakwambia kweli.

AIKANDE: Basi nianze na la kwetu Moshi, maana Mlima Kilimanjaro ni wetu. Mwaka 1961, usiku wa kuamkia tarehe 9, Dar es Salaam bendera ya Uingereza inashushwa, ya Tanganyika inapanda. Na huku juu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, Luteni Alexander Nyirenda anasimika bendera na mwenge. Kile kilele Wajerumani walikiita jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Kuanzia hapo kikaitwa Uhuru.

KAAYA: Mita 5,895.

AIKANDE: Mita 5,895, na Desemba kule juu baridi haina mchezo. Sasa fikiria jambo hili, maana nimekua nikiwaona wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakipita Marangu na mizigo kichwani. Mgeni wa leo akilala kambi ya Kibo, anaamshwa usiku, anaanza kupanda mnamo saa sita ili afike kileleni alfajiri. Sherehe ya Uhuru ilikuwa saa sita yenyewe! Watu Dar es Salaam wako uwanjani wamevaa suti, Nyirenda saa hiyo kazi yake ni kuwa mahali ambapo wengi wetu hata mchana tunafika tukiburutwa.

KAAYA: Na wazo lenyewe halikuzuka siku hiyo. Mwalimu Nyerere alilisema Oktoba 1959 ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, kwamba tungependa kuwasha mwenge tuuweke juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Miaka miwili tu baadaye ukawekwa kweli.

AIKANDE: Na 1962, tarehe hiyo hiyo, Tanganyika ikawa Jamhuri, Mwalimu akawa Rais. Kwa hiyo ni siku mbili ndani ya moja. Haya, niambie hayo yaliyokunyima usingizi.

KAAYA: Sogea tarehe 9 Desemba 1971. Tanganyika inatimiza miaka kumi kamili ya uhuru. Siku hiyo hiyo, New York, anafariki mtu anaitwa Ralph Bunche.

AIKANDE: Jina hilo nimelisikia kwa sababu ya Tuzo ya Nobel.

KAAYA: Ndiyo, Nobel ya Amani ya mwaka 1950, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Alisuluhisha Israeli na nchi za Kiarabu hadi zikaweka silaha chini mwaka 1949. Mmarekani mweusi, yatima, kalelewa na bibi yake ambaye alizaliwa utumwani. Hilo peke yake linatosha kumkumbuka. Lakini mimi nampenda kwa jambo ambalo halitajwi sana. Umoja wa Mataifa ulipoundwa, Bunche alikuwa mmoja wa walioandika zile sura za Katiba yake zinazohusu nchi zilizowekwa chini ya udhamini. Kisha akaongoza idara ya udhamini yenyewe. Na Tanganyika ilikuwa nini?

AIKANDE: Nchi ya udhamini.

KAAYA: Hapo ndipo penyewe. Mwingereza alitutawala, lakini tofauti na Kenya kule ng'ambo ya mpaka, sisi tulikuwa na mahali pa kushtaki. Mwananchi wa nchi ya udhamini aliruhusiwa kupeleka malalamiko yake Umoja wa Mataifa moja kwa moja. Sasa nani alitumia mlango huo?

AIKANDE: Wewe ni Mmeru, najua unakokwenda.

KAAYA: Niache niende, dada! Novemba 1951 serikali ya kikoloni inawaondoa Wameru Engare Nanyuki. Watu wapatao 3,000. Nyumba zinachomwa, ng'ombe wanaswagwa, ili mashamba wapewe walowezi wa Kizungu. Watu hawakushika silaha. Walikaa, wakajadiliana, wakachanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet aende New York. Wakamtumia mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi...

AIKANDE: Moshi!

KAAYA: Moshi, ndiyo, sifa zenu nanyi mzichukue. Mwaka 1952 Kirilo akasimama Umoja wa Mataifa akaeleza jinsi watu wake walivyotolewa kwenye ardhi yao. Miaka mitatu kabla ya Nyerere kusimama kwenye Baraza la Udhamini, Machi 1955. Mwaka huo wa 1952 TANU yenyewe, chama kilichopigania uhuru, haijazaliwa!

AIKANDE: Na alishinda?

KAAYA: Hakurudi na ardhi. Alirudi na habari, akazunguka akiwaeleza watu nini kilisemwa kule, na ile kesi ikajulikana nchi nzima. Mtu wa Sukuma au wa pwani akajua kumbe mkoloni anaweza kushtakiwa mbele ya dunia. Ndiyo maana nikiona Bunche alifariki siku ya Uhuru wetu ukitimiza miaka kumi, roho inanisimama kidogo. Hawakupangiana, najua. Lakini mlango aliousaidia kujenga, mzee wetu aliupita.

AIKANDE: Subiri nipitishe waliozaliwa, nisije nikasahau. John Milton, mshairi wa Uingereza, 1608. Grace Hopper, 1906, yule mama wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyetengeneza programu ya kugeuza maagizo ya binadamu kuwa lugha ya kompyuta. Na siku Hopper anatimiza miaka 62, mwaka 1968, San Francisco, Douglas Engelbart akawaonyesha watu kwa mara ya kwanza hadharani kifaa cha kuongozea kompyuta kwa mkono, hicho hicho tunachokiita mausi. Basi, tuendelee. La pili la Arusha.

KAAYA: Tarehe 9 Desemba 1948, Paris. Umoja wa Mataifa unapitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari. Siku moja kabla ya Tamko la Haki za Binadamu. Nyuma yake kuna mtu mmoja, Raphael Lemkin, Myahudi kutoka Poland, mwanasheria. Ndugu zake wengi waliuawa na Wanazi. Hata jina la uhalifu huo kwa lugha za Ulaya ni yeye aliyelibuni, mwaka 1944, kwa sababu halikuwepo.

AIKANDE: Sisi tukasema mauaji ya kimbari. Mkataba unasema ni kutenda mambo kama kuua, au kuzuia watu wasizae, au kuwachukua watoto wao kwa nguvu, kwa nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Hiyo nia ndiyo ngumu kuithibitisha mahakamani.

KAAYA: Na ndiyo sababu karatasi ilikaa. Miaka inapita, watu wanauawa huku na kule, hakuna mahakama ya kimataifa iliyomtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Mpaka tarehe 2 Septemba 1998. Wapi?

AIKANDE: Hapa. AICC, ule ukumbi wa mikutano wa kimataifa.

KAAYA: Hapa mjini, Mahakama ya Rwanda kama tulivyoizoea, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Hesabu: kutoka Paris mpaka Arusha ni miaka 50 kasoro miezi mitatu na siku saba.

AIKANDE: Mimi katika kesi ile ninachokishika ni wale akina mama. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji hata kidogo. Mwaka 1997 shahidi mmoja, mama aliyetambulishwa kwa herufi tu ili alindwe, akiwa anaeleza mambo mengine, akasema yaliyompata binti yake mdogo. Majaji wakauliza zaidi. Akaja mwingine. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo, alikuwa pale. Mwezi Juni hati ikabadilishwa. Na hukumu ilipotoka ikasema ubakaji nao unaweza kuwa mauaji ya kimbari, ukifanywa kwa nia ile ile. Haikuwahi kusemwa na mahakama yoyote ya kimataifa.

KAAYA: Na sisi tulikuwa tunapita nje na vifodi, yale magari madogo ya abiria, tunaona magari meupe ya UN, tunalalamika kodi za nyumba zimepanda.

AIKANDE: Zilipanda kweli. Lakini inaniuma kwamba mtoto wa shule Arusha anaweza kukutajia Azimio la Arusha la 1967 bila kusita, na hili halijui. Watu 93 walishtakiwa pale kabla mahakama haijafungwa mwishoni mwa 2015. Kumbukumbu zake ziko Lakilaki, hapo hapo.

KAAYA: Nina moja fupi, la furaha. Tarehe 9 Desemba 1979 wataalamu walitia saini kwamba ndui imekwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na uzeeni akazunguka akiwahimiza wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio. Malaria ikamchukua 2013, akiwa bado kwenye kazi hiyo.

AIKANDE: Mungu amrehemu. Mama yangu ana kovu la ile chanjo begani, nilidhani ni jeraha la moto mpaka nikawa mkubwa. Kaka, kabla hatujafunga, nina swali. Ile michango ya Kirilo, nyumbani kwenu mlitoa?

KAAYA: Bibi alitoa. Aliniambia mwenyewe. Nyumba yao ilikuwa imeshaungua, wanakaa kwa watu, na ng'ombe aliyebaki ni mmoja, ana ndama. Wakauza ndama.

AIKANDE: Ndama, ili mtu apande ndege.

KAAYA: Yeye ndege alikuwa hajaiona. Alisema walimwambia tu New York ni mbali kupita Dar es Salaam.