Geuzeni hiyo kompyuta, mama aone

Madaktari, mlionisikia mwaka jana mnajua nitaanzia wapi: mezani kwa daktari wa saratani ya titi, kompyuta ikiwa imempa mgonjwa mgongo.

Nilimsindikiza wifi yangu kliniki baada ya kutolewa uvimbe wa titi. Daktari akafungua Predict, ile programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyo mtandaoni tangu 2011, inayokadiria kila tiba ya saratani ya titi itaongeza uhai kiasi gani. Akajaza umri, ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, vipokezi vya homoni (yaani kama uvimbe unalishwa na homoni). Akasoma kimya, kisha: "Mama, utaanza kemo," yaani dripu za dawa kali za saratani. Basi!

Nikamwomba aigeuze. Wifi akavaa miwani, akaona vidoa 100, kila kidoa mwanamke mwenye hali kama yake. Rangi moja ni watakaokuwa hai miaka kumi baadaye kwa upasuaji tu. Nyingine, walioongezwa na vidonge vya kuzuia homoni. Nyingine, walioongezwa na kemo. Akaweka kidole, akahesabu. Watatu. "Wifi, watatu tu?" Akakaa kimya muda mrefu. "Lakini huenda mmoja ni mimi." Akachagua kemo. Mwingine angewahesabu watatu wale wale akakataa, na angekuwa na haki yake. Nililia pale, kwa sababu nilijua ni wangapi wametundikiwa dripu bila kuonyeshwa vile vidoa.

Mtaniambia mama zetu hawajui asilimia. Jamani! Mama anaendesha mchezo wa watu thelathini, anajua nani kapokea, nani kabaki, nani anadaiwa, bila daftari. Huyo atashindwa vidoa?

Mtaniambia pia hesabu hizo si zetu. Hilo ni kweli. Predict ya kwanza ilijengwa kwa kumbukumbu za wanawake zaidi ya 5,000 wa East Anglia, Uingereza, waliogunduliwa kati ya 1999 na 2003. Mwambieni mgonjwa hivyo hivyo, kwa Kiswahili, huku anatazama.

Swali la kukata titi lote au uvimbe tu, nalipitia haraka. Utafiti wa daktari wa upasuaji Bernard Fisher wa Marekani, majibu ya miaka 20 yaliyotoka 2002, ulionyesha uhai ni sawa; ila anayebakiza titi anahitaji mionzi. Mionzi ni wiki kadhaa. Anayetoka Kigoma kuja Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, atalala kwa nani? Programu haimuulizi. Muulizeni ninyi.

Naonyeshwa saa. La gharama naliacha. Yule mama wa nyuma amenyoosha mkono tangu nianze, mpeni maikrofoni.