Muda wa Mwanablogu Huliwa na Nini?

Mhadhara uliotolewa Kijitonyama, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa kikao, wanablogu wenzangu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nimeombwa kuzungumzia mipango na matumizi ya muda katika kazi ya blogu, nami naanza kwa kupinga kauli inayosikika sana jijini, kwamba mwanablogu wa Dar es Salaam hapati muda wa kuandika kwa sababu ya ajira, foleni na umeme usiotabirika. Hayo yote yapo na sitayabeza. Lakini mtazameni kwa makini huyo anayelalamika anapopata jioni moja ya utulivu. Anaandika aya ya kwanza, anaiacha ili atafute picha, picha inakuwa nzito na inabidi aipunguze ukubwa. Akiwa huko huko anachungulia takwimu za wasomaji wa jana, anajibu ujumbe wa WhatsApp, na anaporudi kwenye aya yake hakumbuki tena alitaka kusema nini. Kilichokula jioni yake ni kuhamahama, wala si uandishi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba tuache kupanga muda kwa makala, tuupange kwa aina ya kazi. Mahojiano na utafiti viwe na siku yake. Rasimu mbili tatu ziandikwe kwa mkupuo. Picha za wiki nzima zipunguzwe na kupewa maelezo katika kikao kimoja, wakati bando lipo. Faida yake huonekana hasa umeme unapokatika. Rasimu haihitaji intaneti, nayo kompyuta iliyochajiwa vizuri, au hata simu, inatosha kuiandika. Anayeumizwa na giza ni yule aliyeacha kuandika, kuhariri na kupandisha picha vyote visubiri siku ya kuchapisha.

Rasimu nayo iwekewe kikomo. Mwaka 1955 Cyril Northcote Parkinson aliandika katika jarida la The Economist la Uingereza kwamba kazi hutanuka mpaka ikajaza muda wote uliotengwa kwa ajili yake. Aliwalenga watumishi wa serikali, lakini sijaona watu wanaomthibitisha kuliko sisi, ambao makala ya maneno mia sita tunaweza kuizungusha juma zima kwa kubadilisha kichwa cha habari.

Sasa nije kwenye kalenda, ambako naomba tukae kidogo. Wengi huipanga kwa kuhesabu siku za kuchapisha, Jumatatu na Alhamisi, bila kujiuliza msomaji siku hizo atakuwa anahangaika na nini. Anayeandika kuhusu biashara anajua kwamba bajeti ya serikali husomwa Juni, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maonesho ya Sabasaba hufuata papo hapo; maelezo yake ya msingi kuhusu kodi yanapaswa kuwa tayari Mei, ili Juni abaki na kazi ya kuongeza viwango vipya tu. Anayeandika kuhusu nyumba na ujenzi asingoje mvua za masika zianze Machi ndipo atafute fundi wa kumhoji kuhusu paa linalovuja, kwa kuwa mafundi wakati huo hawashikiki.

Ramadhani ina ugumu wake, maana kila mwaka huwahi kwa takriban siku kumi na moja na kalenda ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Mwandishi wa mapishi anayechapisha kaimati katika kumi la mwisho amechelewa. Walaji wameshakwisha kuzichoka. Kaimati za kupigwa picha zikaangwe Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, mchana, penye mwanga wa dirisha, wakati mpishi anaweza kuonja shira bila kuvunja saumu.

Makala zikiwa tayari, majukwaa ya blogu ya WordPress na Blogger yote hukuruhusu kuziratibu zitoke zenyewe. Hapa kuna kosa dogo linalowagharimu wengi. Hakikisheni mipangilio ya saa imewekwa Dar es Salaam, kwa sababu tuko saa tatu mbele ya saa za kimataifa. Ikibaki kwenye saa za kimataifa, makala uliyoipangia saa moja asubuhi, imfikie msomaji akiwa kwenye daladala, itatoka saa nne, naye yuko kazini na bosi anamtazama. Tena mtambo husoma 7:00. Ukiandika 1:00 kwa mazoea yetu, itatoka saa saba usiku.

Wanaochapisha habari waingize pia kwenye kalenda tarehe ya leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, utaratibu ulioletwa na kanuni za mwaka 2018, pamoja na muda wa kukusanya ada na nyaraka.

La mwisho ni kikao cha mapitio, nusu saa tu, Jumapili jioni. Hapo ndipo takwimu zifunguliwe, na hapo ndipo kalenda irekebishwe. Makala iliyoahirishwa mara tatu ifutwe au apewe mwenzako mwenye hamu nayo, na nafasi yake iachwe wazi kwa ajili ya jambo la dharura, ambalo katika jiji hili halikosekani.