Ikawaje? Maneno niliyoongea na wazazi siku ya kufunga chekechea

(Mimi ni mwalimu wa chekechea. Haya niliyaongea hapa Dodoma siku ya kufunga shule mwezi wa sita, kuhusu mambo ya kufanya na mtoto likizo. Wazazi kadhaa waliomba niyaandike, nimeyaacha kama nilivyoyasema.)

Mbukwenyi wazazi! Mbukwa tena. Shikamooni wakubwa zangu, na bibi zetu mliokuja kwa niaba ya walioko makazini, asanteni sana, najua upepo wa asubuhi hii sio wa mchezo na wengine mmetoka mbali, Nkuhungu, Ipagala, mpaka Chamwino kule.

Naomba nianze na kitu kilichoniuma. Mwanangu wa kwanza saivi yupo sekondari. Mwaka juzi tumekaa nje jioni akaniuliza, hivi mama, mimi nilivyokuwa mdogo likizo tulikuwa tunafanyaga nini? Nikamwambia si tulienda Dar tukaona bahari, ulikuwa na miaka mitatu, ulivaa fulana ya njano, wimbi likakupiga miguuni ukalia. Akaniangalia tu. Hakumbuki hata chembe. Na ile safari nilidunduliza miezi minne jamani, nauli ya basi, pa kulala, chakula, alafu tuliporudi hatukuiongelea tena, mimi kazini, yeye kwa dada wa nyumbani, picha zikabaki kwenye simu na simu ikaibiwa stendi. Basi ile bahari kwake haipo. Lakini mdogo wake, ambaye Dar hajafika mpaka leo, anakumbuka vizuri kabisa siku tuliyochimba maji kwenye korongo, na siku hiyo alikuwa na miaka mitatu na miezi kadhaa, yaani umri ule ule. Nilikaa nikajiuliza sana tofauti ni nini. Ndo nikagundua, ile ya korongo tumeisimulia mara mia. Ya bahari hatukuisimulia hata mara moja.

Na hili sio langu peke yangu. Watu wazima wengi ukiwauliza kitu cha kwanza kabisa wanachokumbuka maishani, wanakutajia kitu cha walipokuwa na miaka mitatu, mitatu na nusu hivi, kabla ya hapo ni giza. Sasa kuna watafiti, mmoja anaitwa Robyn Fivush wa Marekani, mwingine Elaine Reese yupo New Zealand, wamefanya kazi miaka mingi ya kusikiliza jinsi mama anavyoongea na mtoto mdogo kuhusu mambo yaliyopita. Wakaona watoto wa wale mama wanaovuta maneno, wanaouliza ilikuwaje, nani alikuwepo, ulijisikiaje, wanaoongezea kidogo alafu wanamwachia mtoto aendelee, hao watoto baadaye wanasimulia mambo yao kwa urefu na undani kuliko wenzao. Huko huko New Zealand kuna utafiti uliotoka mwaka 2000, ukaonyesha Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao kwao kusimulia yaliyopita ni jambo kubwa sana la ukoo, kumbukumbu zao za kwanza zinaanzia mapema kuliko za majirani zao wenye asili ya Ulaya, kabla hata ya miaka mitatu. Mimi niliposoma hivyo nikamkumbuka bibi yangu. Bibi hakuwahi kunipeleka popote, lakini kila nikirudi kutoka kuchunga mbuzi alikuwa anaacha kupepeta ananiuliza, enhe, huko kumetokea nini? Na nilikuwa namweleza mpaka jina la mbuzi aliyekohoa.

Kwa hiyo ninachowaomba likizo hii ni vitu viwili na havitengani. Fanya kitu kidogo na mtoto, alafu usiku mkisimulie.

Nianze na hilo korongo, kwa sababu wengi mnalo karibu na hamjawahi kuliona kama ni pa kumpeleka mtoto. Mito mingi ya huku kwetu ni ya mchanga. Mvua zikishakatika, kufika mwezi wa tano wa sita ukiangalia unaona mchanga mkavu tu umelala, lakini chini maji yapo, ndo maana wafugaji na akina mama vijijini wanachimba visima humo humo mpaka kiangazi kinakuwa kikali. Basi siku hiyo tulibeba kopo moja na kijiko cha kupakulia ugali. Tukachagua sehemu ya chini kwenye kona, tukaanza kuchimba, mchanga wa juu wa moto, unamwagika tu unarudi shimoni, mtoto akaanza kukata tamaa. Tukaendelea. Ukafika mchanga mwingine, rangi imekolea, unashikana. Akaweka mkono akautoa haraka, mama wa baridi! Tukachimba tena kidogo, alafu tukanyamaza tukasubiri. Na yale maji yakaanza kuja taratibu, hayaruki, yanakuja tu pembeni kama yanatokea kwenye ngozi, na yeye akasema kwa sauti ya chini kabisa, mama, mchanga unatoka jasho. Mimi mwenyewe, mtu mzima niliyezaliwa huku, nilisisimka.

Sasa hapo masharti yapo na naomba myasikie. Shimo lisizidi magoti ya mtoto, mchanga unabomoka. Maji yale ni ya kuangalia na kushika, sio ya kunywa. Mkimaliza mnafukia, kuna ndama na watoto wengine wanapita. Na mvua zikianza, kuanzia mwezi wa kumi na moja huko, korongoni hapaendwi kabisa, hata kama kwako jua linawaka, kwa sababu mvua ikinyesha juu milimani maji yanashuka kwa ghafla na hayamsubiri mtu.

Usiku wake kwenye mboga ndo nilifanya kitu ambacho sikukifanya kwa kaka yake. Sikumuuliza ulifurahi? Ukimuuliza mtoto ulifurahi atakwambia ndio, maongezi yameisha. Nilisema, leo tulichukua kile kijiko cha ugali tukaenda wapi vile? Akadakia. Nikasema ikawaje? Akasema tukachimba. Nikasema alafu ule mchanga ulikuwaje pale chini? Kesho yake akampigia bibi yake simu akamsimulia upya, na kwa bibi aliongeza mamba. Mimi nikamwacha na mamba wake, bibi akamuuliza huyo mamba alikuwa na rangi gani, wakaenda hivyo dakika kumi nzima. Mwenyewe baadaye alimtoa, alipofika miaka mitano akasema mama mamba hakuwepo, lakini jasho lilikuwepo.

Kingine ni tiara. Mwezi huu wa sita na wa saba upepo wa Dodoma tunaulalamikia, vumbi machoni, midomo inapasuka, lakini kwa tiara hakuna mji unaotuzidi. Zamani tulitengeneza kwa rambo, tangu ile Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku watoto wengi wakaacha na wengi wa umri huu hawajawahi kuiona inavyotengenezwa. Gazeti linatosha. Chukua njiti mbili za fagio la chelewa, zifunge msalaba katikati kwa uzi, zungushia uzi kwenye ncha zote nne, weka juu ya gazeti, kunja kingo ubandike kwa uji mzito wa ngano au hata punje za wali zilizopondwa. Mkia ndo wenyewe, watu wanausahau alafu wanashangaa tiara inazunguka kama kichaa inaanguka, chana kitenge kilichochakaa vipande vyembamba uunge mrefu, kama mara tano ya tiara yenyewe. Ikiwa bado inazunguka ongeza mkia, ikiwa nzito haipandi punguza. Mtoto wa miaka minne hawezi kufunga lakini anaweza kupaka uji, na akipaka uji hiyo ni tiara yake, atakwambia aliitengeneza peke yake, mkubalie. Mwende kiwanja cha wazi kisicho na nyaya za umeme, hili silirudii mara mbili, ikinasa kwenye waya inaachwa hapo hapo hakuna wa kuifuata.

Akina baba, hii ya tiara nawaachia nyie. Nimeona baba mmoja mtaani kwetu, mtu mkimya sana, Jumapili moja anakimbia na gazeti huku wanawe wawili wanamfuata wanapiga kelele, na watoto wake saivi ni wakubwa, wakikaa na wenzao hadithi ni hiyo hiyo.

Vingine nitavipitia haraka. Karanga zimevunwa, mkalishe mtoto mpukuchue pamoja, anajifunza kuhesabu na wewe kazi inakwenda. Mabuyu ndo msimu wake huu, pasua moja mbele yake aone zile nyuzi ndani, alafu unga wake mnaulowanisha, mnaukoroga na sukari, mnaugandisha kwenye vikombe mpate barafu. Kombolela, rede, mdako, kuruka kamba, hivi wafundishwe na dada na kaka wakubwa, ila siku moja na wewe mama ingia kwenye rede, uone watakavyokutangaza. Beseni la maji weka juani asubuhi, saa saba mchana yameshapata moto mwache aogelee na vikopo vyake lakini ukae hapo hapo, mtoto na maji haachwi hata dakika, na maji yakiisha kazi mwagilia mchicha maana sisi wa Dodoma tunajua maji ni nini.

Wenye uwezo wa kusafiri sio kwamba nawakataza, nendeni. Treni ya SGR tangu 2024 inafika hapa, mtoto anaweza kwenda Morogoro akahesabu yale mahandaki ya upande wa Kilosa, kila mkiingia gizani mnasema namba kwa pamoja. Au mwende Kolo, ukishapita Kondoa mjini njia ya Babati, kuna michoro ya kale kwenye miamba, ipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, watu na wanyama wamechorwa kwa rangi nyekundu. Mkirudi mpe mtoto udongo mwekundu na maji kidogo achore kwenye jiwe la uani. Ila safari isiyosimuliwa, mimi nimeshawaambia yangu ilikoishia.

Na usiku. Kiangazi mbingu yetu ni safi, hakuna wingu. Zimeni taa, tandikeni mkeka, mfunikeni mtoto blanketi kwa sababu baridi ipo. Kama saa tatu hivi mwezi wa saba angalieni juu kabisa, kuna nyota zimejipanga kama nge, na mkia wake umejikunja, katikati kuna moja nyekundu, huo ndo moyo wake. Upande wa kusini chini kidogo mtauona Msalaba. Hapo hapo mwambie, hadithi hadithi, yeye akujibu hadithi njoo. Na kama huna hadithi, unayo ya mji wako. Wazee wa Kigogo wanasimulia tembo alikuja kunywa maji akanasa kwenye tope, akawa anazama, anazama, watu wakasema idodomya, yaani kimezama, ndo jina la Dodoma. Kesho yake mchana waigize, mmoja awe tembo wengine wamvute. Darasani kwangu kila mtu anataka kuwa tembo.

Basi mimi niishie hapo, maswali.

(Mama mmoja aliuliza kuhusu katuni kwenye simu.) Dada yangu mimi nasema ukimpa simu kaa naye hiyo nusu saa, alafu izime umuulize yule sungura alimfanyaje fisi. Naye atakusimulia. Ukimwachia siku nzima hakuna wa kumuuliza.

(Baba mmoja, dereva wa malori njia ya Singida hadi Rusumo, alisema yeye nyumbani anafika mara mbili kwa mwezi, hayo yote atayafanya saa ngapi.) Kaka yangu asante kwa kuuliza, najua sio wewe peke yako. Usijilaumu kwa korongo, mama yake atampeleka, au babu. Wewe mwombe mama yake akutumie meseji jioni, neno moja tu, leo tiara, au leo tumepukuchua karanga. Ukishapaki gari, kabla hajalala, piga. Usimuulize umeshindaje. Mwambie nimesikia leo kuna kitu kimeruka angani hapo nyumbani, hebu nieleze. Alafu ukae kimya umsikilize, hata kama vocha inakwenda. Na ile siku unafika, kabla hujashusha begi, muulize yule tiara yuko wapi, mkia wake mliutoa kwenye kitenge gani.